Tope la Bristol, Gadi za Mkokotoni

Miezi michache iliyopita nililetewa kazi ya kufasiri ripoti ya ukaguzi wa ghala moja hapa Dar es Salaam. Mkaguzi alikuwa Mwingereza, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi melini, na ripoti yake ilikuwa kavu kama ripoti zote: idadi ya mifuko, upana wa njia, mitungi ya kuzimia moto, hali ya paa. Kufika ukurasa wa tisa, akizungumzia namna mizigo ilivyopangwa, akaandika kwamba amekuta kila kitu kiko "shipshape and Bristol fashion". Basi. Hakueleza zaidi, akahamia kwenye mifereji ya maji ya mvua.

Nikaandika "safi na nadhifu". Mteja alikuwa anasubiri, na hakuna ambaye angenilaumu kwa maneno hayo. Lakini usiku, nilipokuwa naipitia kazi mara ya mwisho kabla ya kuituma, yalinikera. Nadhifu ni neno la sebuleni, la mtoto aliyechanwa nywele akapakwa mafuta, la shuka iliyonyooshwa. Mkaguzi yule hakuwa anausifu ufagio. Alisimama mbele ya mifuko iliyopangwa mizito chini na mepesi juu, imefungamana pembeni isiporomoke, akaona kwamba hata pakizuka jambo, mzigo ule hautamwangukia mtu. Hilo ndilo alilolisema. Mimi nilikuwa nimeligeuza kuwa harufu ya sabuni.

Waingereza wana misemo mingi ya kumwambia mtu ajipange. Unaosikika sana siku hizi, hasa kwa Wamarekani, ni ule wa kuwapanga bata wako mstari mmoja. Asili yake inagombaniwa: wapo wanaosema ni vifaranga wanaomfuata mama yao, wapo wanaotaja bata bandia wa kulengwa shabaha kwenye maonyesho, wapo wanaotaja vigingi vya mchezo wa boling ambavyo Wamarekani wameviita kwa jina la bata. Huo nauacha. Kwa Kiswahili cha mjini bata keshapewa kazi nyingine, ya starehe, na sioni sababu ya kumwachisha.

Msemo wa mkaguzi ni tofauti kwa sababu una mahali pake. Una mji, Bristol ya Uingereza, una mto, una tope ambalo unaweza kwenda kulitazama kwa macho. Mimi nimelitazama, ndiyo maana sikupata usingizi mpaka nimelirekebisha.

Sehemu yake ya kwanza, "shipshape", ndiyo kongwe. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa nayo tangu karne ya 17, kwa maana ya kitu kilichokaa namna vitu vinavyotakiwa kukaa chomboni. Sehemu ya pili inaongeza "kwa mtindo wa Bristol", na ukiziweka pamoja unazikuta kwa Richard Henry Dana, kijana wa Boston aliyekuwa mwanafunzi wa Harvard. Surua ilimwachia macho mabovu, akaweka vitabu kando, na mwaka 1834 akajiandikisha kuwa baharia wa kawaida katika meli iliyokwenda California kuchukua ngozi za ng'ombe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1840. Anapoielezea meli iliyomrudisha nyumbani, anasema kila kitu humo kilikuwa hivyo, kwa mtindo wa Bristol, halafu anaonyesha kwa mifano: hapana kutu, hapana uchafu, hapana kamba iliyolegea ikapeperuka. Aliyeandika ni Mmarekani, na meli ni ya Kimarekani. Maana yake jina la Bristol lilikuwa limeshavuka Atlantiki likiwa sifa, bila hata meli ya Bristol kuwepo.

Kwa nini Bristol? Kwa nini si London, au Liverpool?

Dada yangu ni muuguzi, na baada ya kuhamahama miji kadhaa ya Uingereza akatua Bristol. Mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, nilikwenda kukaa naye wiki tatu. Siku ya pili tu akanichukua kutembea kando ya mto Avon, chini ya lile daraja la Clifton linaloning'inia juu ya korongo, lililofunguliwa mwaka 1864. Watu wote waliokuwapo walikuwa wanapiga picha daraja. Mimi nilisimama nikashika reli ya chuma nikainama kutazama chini.

Mto haukuwapo. Palikuwa na kijito chembamba cha maji ya rangi ya kakao, chini kabisa, na pande zote mbili kuta za tope zilizoinama, tope laini linalong'aa kama limepakwa samli, lenye mikunjomikunjo ya maji yaliyokuwa yanachuruzika kurudi chini. Kina chake ningeweza kusimamisha nyumba ya ghorofa nne. Ndege wa pwani walikuwa wanatembea juu yake wakidonoa. Na ile harufu! Nilifunga macho. Harufu ya tope la bahari jua likiwa kali haina taifa. Ningeambiwa niko Mkokotoni, kule Unguja, ningekubali.

"Maji yamekupwa," nikamwambia dada.

"Huku yakipwa yanapwa kweli," akasema. "Rudi saa kumi uone."

Tukarudi saa kumi. Mto ulikuwa umejaa pomoni, mpana, umetulia, na boti inapita pale ambapo asubuhi palikuwa na ukuta wa tope.

Mkondo huu wa bahari unaoingia magharibi mwa Uingereza, unaomeza mito ya Severn na Avon, ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo tofauti ya maji kupwa na kujaa ni kubwa kupita kiasi. Unaouzidi kwa hakika ni wa ghuba ya Fundy kule Kanada. Mdomoni mwa Avon, katika bamvua kubwa, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti hiyo hukaribia mita 14. Sisi Unguja na Mombasa bamvua letu likifika mita nne tunasema bahari imekuja na kila kitu chake. Sasa ifanye mara tatu na zaidi, kisha uweke bandari yako zaidi ya kilomita 10 ndani ya mto, kama walivyofanya watu wa Bristol. John Cabot aliondokea hapo mwaka 1497 kwenda kuifikia Amerika ya Kaskazini. Kwa mamia ya miaka kila meli iliyofunga gatini pale mjini ilikuwa, mara mbili kwa siku, inaachwa na maji, inashuka polepole, inakaa kwa tumbo juu ya tope, na kuinamia upande.

Meli kubwa iliyojaa shehena ikikalia tope, uzito wote ule uliokuwa umebebwa na maji unarudi kwenye mbao zake. Chombo kilichoundwa kwa kulipua kinavunjika mgongo. Na kama kilichomo ndani hakikufungwa kikafungika, mapipa yanabiringika, magunia yanahamia upande wa chini, vyungu vinavunjika, na yote hayo yanazidi kukilaza. Kwa hiyo, watu wa Bristol wanavyoeleza wenyewe, meli za kwao zililazimika kuundwa imara kuliko za bandari nyingine na kupangwa vizuri kuliko za bandari nyingine. Chombo cha mtindo wa Bristol ni chombo ambacho maji yakiondoka hakiaibiki.

Dada aliposoma bango la maelezo lililo karibu na bandari na kunisimulia haya, mimi sikuwa namsikiliza tena yeye. Nilikuwa namsikia babu.

Babu yetu mzaa mama alikuwa Mtumbatu. Ujana wake aliumalizia kwenye majahazi, kwanza baharia, mwishoni serehangi, yaani mkuu wa mabaharia, akipita Tanga, Pemba, Mombasa, na misimu miwili aliwahi kwenda na kusi mpaka Ghuba na boriti za mikoko, zinazohesabiwa kwa korija. Mimi nilimkuta mzee tayari, amehamia Mkokotoni ng'ambo ya kisiwa chake, kazi yake ikiwa kuviangalia vyombo vinavyoingia ufuoni kupakua. Mkokotoni hapana gati la kina. Jahazi linaingia na maji makubwa, linasogea mpaka linapogusa, kisha linangoja maji yaondoke. Likishakauka, wachukuzi wanalifuata kwa miguu.

Katika kungoja huko ndipo panapotakiwa gadi. Kwa wasomaji wa bara: gadi ni miti ya kukiegemeza chombo kikiwa nchi kavu kisilale. Babu hakuwaruhusu vijana kuzitia mapema wala kuchelewa. Alikuwa anaingia majini mwenyewe, msuli umekunjwa mpaka mapajani, anasimama kando ya jahazi maji yakiwa kiunoni na mkono mmoja ameuweka juu ya ubao wa chombo kama mtu anayempapasa ng'ombe. Anangoja. Chombo kikiwa bado kinaelea, ubao unapumua, unapanda na kushuka chini ya kiganja. Kisha kunakuja pumzi moja ambayo haipandi. Hapo hapo anasema, "Lete," na gadi ya kwanza inapita, chini yake kimewekwa kipande cha ubao isizame topeni, kichwa chake kinaingia chini ya mbao nene za ubavuni, halafu ya pili ng'ambo, ya tatu, ya nne. Kila moja anaigonga kwa ngumi na kuisikiliza. Mimi nilikuwa mshika vipande vya ubao. Nilikuwa na miaka kama kumi, na sijapata cheo kilichonipa fahari kama kile.

Kabla ya gadi alikuwa ameshaingia ngamani, chini kabisa tumboni mwa chombo. Alitaka kuona kizito kiko chini karibu na mkuku, ule mti ulio uti wa mgongo wa chombo, tezi na omo, yaani nyuma na mbele, hazipishani kwa uzito, na pale penye nafasi kati ya mzigo na mzigo pamesokomezwa fito au makuti. Alikuwa anatia mkono katikati ya magunia mawili na kuyasukuma kwa bega. Kama hayakusogea, alikuwa na neno lake moja: "Umekaa." Mzigo umekaa. Kama yalisogea hakusema kitu. Alikuwa anaanza kuyashusha, na vijana wanajua hapana chakula mpaka yapangwe tena.

Siku iliyonifanya nielewe yale yote yalikuwa ya nini, babu hakuwapo. Alikuwa amekwenda mjini kwa tiba ya macho. Liliingia jahazi moja na saruji kutoka Tanga, na juu ya saruji mabati. Mwenye chombo alikuwa na haraka, nahodha naye akataka kutumia bamvua apande juu kabisa ya ufuo ili wachukuzi wasitembee mbali. Ilikuwa Ijumaa. Walitia gadi mbili, zote upande mmoja, kwa hesabu kwamba jahazi litaegemea huko huko, wakatawadha wakaenda msikitini. Sisi watoto tulibaki tunacheza chini ya mkungu.

Lilianza kwa sauti ndogo, kama mtu anayekunja mkeka mkavu. Tukageuka. Mifuko ilikuwa imepangwa mingi upande wa baharini, ule usio na gadi, na maji yalipoondoka jahazi likainama huko, pole pole, kwa adabu kabisa. Kisha mabati yakateleza. Yalishuka yote kwa mkupuo, na mlio wake ulisikika mpaka msikitini. Baada ya mabati, mifuko. Jahazi likalala ubavu, na mbao mbili karibu na mkuku zikaachana, pengo la upana wa kiganja.

Watu walikuja mbio, lakini bamvua lina saa zake. Baadaye maji yalirudi, yakaingia kwa lile pengo, yakaijaza ngama. Waliokoa mifuko waliyoweza. Iliyobaki ilikunywa maji ya chumvi na usiku ule ule ikaanza kushika. Babu aliporudi siku ya tatu alikuta ndani ya jahazi mwamba. Mifuko iligeuka mawe yenye umbo la mifuko, mpaka mikunjo ya karatasi inaonekana juu yake, imeshikamana yenyewe kwa yenyewe na kushikamana na mataruma. Vijana walikaa wiki kadhaa ndani mle na nyundo na patasi. Nakumbuka babu alivyoingia, akatia mkono katikati ya mawe mawili na kuyasukuma kwa bega, kwa mazoea tu. Hayakusogea. Alitoka bila kulisema lile neno lake, akaomba maji ya kunawa.

Kwa hiyo nikiambiwa kuna mji Uingereza uliopata sifa kwa sababu vyombo vyake vilijua kukaa juu ya tope, sihitaji ushahidi mwingi. Naamini kwa bega.

Hata hivyo haki lazima itendeke. Maelezo ya tope ndiyo yanayopendwa, lakini si ya pekee. Mwaka 1867 ilitoka kamusi ya maneno ya mabaharia iliyokusanywa na William Henry Smyth, afisa wa jeshi la majini aliyefikia cheo cha admirali, mtu aliyeijua bahari. Msemo wa Bristol umo humo. Yeye anasema ulitumika zama Bristol ilipokuwa inastawi kibiashara, kabla Liverpool haijaanza kuisumbua, na meli zake zote zilikuwa katika hali njema. Tope hakulitaja. Kwa Smyth ni suala la fedha: mji tajiri una meli zilizotunzwa, na jina likafuata. Wapo wanaoona kwamba habari ya tope ilikuja kupachikwa baadaye kwa kuwa inapendeza kusimulia.

Nimelifikiria sana hili na sioni kwamba mawili hayo yanapigana. Fedha hukuwezesha kununua mbao nene na kamba mpya. Haikufundishi lini utie gadi. Mji ambao mara mbili kila siku unakaguliwa na mwezi, mbele ya macho ya kila mpita njia, hauwezi kulea mabaharia wazembe kwa muda mrefu, uwe na fedha usiwe nazo. Na kitu kimoja kinanisogeza zaidi upande wa tope. Wenye bandari wenyewe walilichoka. Mwaka 1804 walianza kazi kubwa iliyosanifiwa na mhandisi William Jessop: wakauchimbia mto njia mpya kusini mwa mji, na ule mkondo wa zamani uliopita katikati ya mji wakaufunga kwa malango, maji yabaki humo siku zote. Kazi ilikamilika mwaka 1809. Wakaiita bandari ielelayo, kwa sababu sasa meli zilielea mfululizo, bila kulala. Watu hawachimbi mto mpya kwa ajili ya jambo dogo.

Tazama tarehe hizo. Dana aliandika mwaka 1840, miaka 31 baada ya tope kufungiwa nje. Maji ya Bristol mjini hayakuwa yanapwa tena, na msemo ulikuwa ndio kwanza unatembea duniani.

Lugha zina tabia hiyo, na yetu imo. Mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kukanyaga ufuo anasema mambo yake yamekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu. Anaulizwa habari, anajibu ni shwari, na shwari ni bahari iliyolala. Kikao kinang'oa nanga. Mtu aliyekwama bila msaada, wazee wa pwani watasema amepwelewa, kama dau lililoachwa na maji. Na pwani yenyewe ni nini? Neno liko wazi kabisa, limetoka kwenye kupwa. Nchi yetu tumeiita kwa jina la maji yanapoondoka. Wangeweza kuiita kwa jina la maji yanapojaa, maana yanajaa vile vile kila siku. Hawakufanya hivyo. Nadhani waliona kwamba ule wakati wa kukauka ndio wenye kazi: ndipo watu wanapopakua, wanapokalafati, wanapookota chaza, wanapojua hali ya chombo.

Wazee wetu waliwahi hata kulijibu tope kwa namna yao. Mtepe, chombo cha visiwa vya Lamu, haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba ya nazi. Ulipogota ufuoni ulinyumbuka ukatulia. Bristol walijibu kwa ugumu, sisi kwa mshono.

Ningependa niishie kwenye sifa, lakini nilitembea Bristol na dada siku nyingine pia, na msemo huu una ngama ambayo lazima ifunuliwe.

Baada ya mwaka 1698, ukiritimba wa kampuni ya kifalme ya London ulipovunjwa, wafanyabiashara wa Bristol waliingia kwa nguvu zote katika biashara ya kuuza Waafrika. Katika miaka ya 1730 ndiyo bandari iliyoongoza Uingereza nzima kwa biashara hiyo, kabla Liverpool haijaipita. Mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 1807, meli za Bristol zilikuwa zimechukua watu wapatao nusu milioni kutoka Afrika Magharibi. Ule ustawi ambao Smyth anausema, sehemu yake ndiyo hii. Zile ngama zilizosifiwa kwa mpangilio zilipanga watu.

Mwaka 1787 Thomas Clarkson alifika Bristol kukusanya ushahidi dhidi ya biashara hiyo, akizunguka kwenye vilabu vya mabaharia usiku kuwauliza walichokiona. Mwaka uliofuata kikachapishwa mchoro wa meli ya Brookes, ya Liverpool. Kila Mwafrika aliyesoma historia ameuona: miili midogo iliyochorwa bega kwa bega, safu kwa safu, hapana nafasi iliyopotea. Sheria ya mwaka huo iliiruhusu meli ile kubeba watu 454, na kabla yake iliwahi kubeba zaidi ya 600. Nimeutazama mchoro ule kwa macho ya mjukuu wa serehangi, na ndiyo maana unaniumiza mara mbili. Kazi ni ile ile. Kizito wapi, chepesi wapi, kisisogee. Aliyeupanga mzigo ule alikuwa fundi.

Wala sisemi haya nikiwa juu ya ukuta. Majahazi yetu nayo yalibeba watu. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash, na walioletwa pale waliletwa na upepo ule ule wa kaskazi na kusi, na manahodha waliojua kutia gadi kama babu.

Pale bandarini Bristol kuna daraja dogo la waenda kwa miguu, lenye pembe mbili kubwa za chuma, lililofunguliwa mwaka 1999. Limepewa jina la Pero, mtu aliyeletwa mjini pale kutoka kisiwa cha Nevis akiwa mtumwa wa mfanyabiashara wa sukari John Pinney. Tulisimama juu yake. Dada akaninyooshea kidole kwenye ukingo wa karibu: ni hapo, tarehe 7 Juni 2020, umati ulipoiburuta sanamu ya Edward Colston, tajiri wa biashara ya watumwa, iliyokuwa imesimama mjini tangu mwaka 1895, wakaisukumia majini. Baada ya siku chache ilitolewa, na sasa imewekwa makumbusho, pamoja na rangi iliyomwagiwa. Nilimwuliza dada, ilizama? Akasema ilizama mara moja, maji pale ni ya kina, hayapwi.

Nikakumbuka Jessop na malango yake. Kama wasingeufunga mto mwaka 1809, sanamu ile ingelala juu ya tope wazi, mara mbili kwa siku, kila mtu aione.

Sasa nirudi kwenye ripoti. Usiku ule nilifuta "safi na nadhifu". Nikaandika: "Mizigo yote imepangwa, na imekaa, kama shehena ya chombo kinachongoja maji kupwa." Niliisoma kwa sauti, nikaridhika, nikaituma.

Asubuhi mteja akapiga simu. Kijana mstaarabu, mzaliwa wa Ukerewe. Alisema kazi ni nzuri, ila ukurasa wa tisa una kitu kimemchanganya.

"Kaka, hii ya maji kupwa ndiyo nini? Sisi wa ziwani maji yetu hayaondoki."

Nikamweleza, pengine kwa urefu kuliko alivyohitaji. Bristol, tope, gadi, saruji ya Tanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyamaza kidogo.

"Basi ya kupwa itoe," akasema. "Lakini hapo uliposema imekaa, hapo nimekuelewa. Hiyo iache."

Nikaitoa. Ukurasa wa tisa sasa unasema: mizigo yote imepangwa, na imekaa.